Jumamosi Nne na Kopo la Chokaa: Darasa la Tabianchi kwa Tusiosoma Sayansi

Nililipa shilingi 30,000 kwa Jumamosi nne. Humo mlikuwa na daftari la fotokopi, chai ya tangawizi, na mrija mmoja wa plastiki ambao bado ninao. Darasa liko Tanga mjini, mitaa ya Ngamiani, uani kwa mwalimu mstaafu aliyefundisha fizikia sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Halina jina wala bango. Mwenyewe ameniomba nisimtaje, kwa hiyo humu nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita wote saba tuliokaa kwenye mabenchi yake. Anafundisha jambo moja tu: misingi ya sayansi ya mabadiliko ya tabianchi, kwa Kiswahili, kwa watu walioiacha sayansi shuleni. Mwenye haraka ya kujua kama aende, jibu langu ni aende, na Jumamosi ya pili asiikose kwa sababu yoyote.

Mimi ni msomaji wa habari katika redio ya jamii huko Pangani. Fizikia niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sikudhani nitaihitaji. Lakini kwa miaka tisa nimekuwa nikisoma hewani maneno "mabadiliko ya tabianchi" karibu kila wiki, na kuyasoma si kuyaelewa. Mwaka jana, katika kipindi cha simu, niliwaeleza wasikilizaji kwamba joto limezidi kwa sababu ozoni, ile gesi ya kinga iliyo juu angani, imetoboka, basi jua linapita kwenye lile tundu na kutuchoma. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Simu ya tatu ilitoka kwa fundi wa majokofu. "Dada," akasema, "taarifa umeisoma vizuri, ila ozoni na joto ni mambo mawili mbalimbali. Umeyafunga kamba moja."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimshukuru, nikaweka muziki, na usiku ule sikulala vizuri. Watu wa Pangani wanapanga kupanda na kuvua kwa kusikiliza tunayosema. Nikimwambia mkulima jambo lisilo la kweli kwa sauti nzuri, nimemdhulumu. Kesho yake nilimtafuta yule fundi, akanielekeza kwa Mwalimu. Yeye mwenyewe alikuwa amejiandikisha.

Niseme pia kwamba kabla ya hapo niliwahi kuhudhuria semina ya siku moja hotelini, ya waandishi wa habari, iliyohusu mambo haya haya. Tulipewa begi, kalamu, chakula cha mchana na cheti. Mtoa mada alisoma slaidi zake za Kiingereza moja baada ya moja, akatutaka tutumie neno "ustahimilivu" mara nyingi katika habari zetu. Nilipouliza hewa ukaa, ile gesi inayotoka tunapopumua na tunapochoma kitu, inazuiaje joto, nikaambiwa hilo ni suala la kitaalamu, muda hautoshi. Cheti kile kiko ukutani kwetu. Sikujifunza kitu, na fedha iliyotumika siku ile ingewasomesha watu wengi sana kwenye mabenchi ya Ngamiani.

Jumamosi ya kwanza Mwalimu hakugusa sayansi kwa karibu saa nzima. Alianza na neno lenyewe. Hali ya hewa, akasema, ni ya leo na kesho. Tabianchi ni tabia ya nchi. Mtu akinuna asubuhi huwezi kusema ana tabia ya kununa. Ukae naye ndipo umjue. Nchi nayo unakaa nayo miaka 30, ndicho kipimo wataalamu wa hali ya hewa duniani walichokubaliana, unarekodi joto na mvua ya kila siku, kisha ndipo unasema tabia yake ni hii. Nimelisoma neno hilo mara mia kadhaa na sikuwahi kusikia kwamba ndani yake mna tabia. Kwa msomaji wa habari kama mimi, hapo tayari nusu ya ada ilikuwa imerudi.

Akatoa mfano ambao ulinigusa zaidi kwa kuwa ni wa mwambao wetu. Mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mimi ni mmoja wa waliosoma tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku na mchana. Wasikilizaji wengi walisema: hiyo ndiyo tabianchi imebadilika, zamani hapakuwa na vimbunga huku. Mwalimu akatuuliza kama tumesikia kimbunga cha Zanzibar cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja. Na cha Lindi cha 1952. Vimbunga huku ni adimu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo ule msokoto unaohitajika, lakini adimu si kusema havijawahi kuwapo. Kimbunga kimoja hakithibitishi kitu, wala mwaka mmoja wa baridi haukanushi kitu. Na El Niño, ile iliyotuletea mvua za 1997 na 1998, ni pumzi ya bahari, joto la maji ya Pasifiki linalokuja na kuondoka lenyewe, lilikuwapo kabla ya viwanda. Kinachoangaliwa ni jumla ya miaka mingi na vituo vingi. Katika jumla hiyo, muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la wastani lililozidi lile la 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1, na 2024 ukawa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze.

Nyuzi 1.1 ilionekana ndogo kwa wote. Mwalimu akasema mwili wa mtu nao ni nyuzi 37, na mama yeyote anajua 38 maana yake nini. Hakuendelea zaidi ya hapo. Mama muuza samaki aliyekaa kando yangu akaitikia kwa kichwa, nami nikaona ameelewa.

Jumamosi ya pili tulianza saa nane mchana na kutoka saa mbili usiku, kwa kuwa Mwalimu alitaka giza. Fundi wa majokofu alikuja na kile kifaa chake cha kupima joto kwa mbali, kinachoshikwa kama bastola, anachotumia kuangalia mabomba ya friji. Baada ya Magharibi tulipeleka viganja karibu na ukuta uliopigwa na jua la jioni. Jua limeshazama, ukuta hauwaki wala hauna moshi, lakini mkono unahisi joto linatoka. Hilo, akasema, ndilo joto lisiloonekana. Kila kitu chenye joto hulitoa: ukuta, bati, mwili wako, dunia nzima. Jua linatuletea mwanga, ardhi inaula mwanga huo na kuurudisha angani kama joto lisiloonekana. Kinachoingia na kinachotoka visipolingana, dunia inapata joto au inapoa mpaka vilingane.

Kisha fundi akakielekeza kifaa juu. Pale palipokuwa na nyota kilisoma nyuzi 3. Akakisogeza kwenye wingu, kikasoma 17. Tulinyamaza. Anga tunayoidhani tupu inatutazama na joto lake, na penye wingu inaturudishia joto zaidi. Ndiyo sababu usiku wenye mawingu una fukuto na usiku mweupe wa Julai una baridi. Mimi nimezaliwa Pangani, nimelala chini ya mawingu yale maisha yangu yote, na sijawahi kujua kwamba wingu lina joto linaloteremka mpaka kitandani kwangu.

Ninampenda Mwalimu kwa alichosema baada ya hapo, maana angeweza kutuacha tukiwa na furaha. Alisema kifaa hiki hasa kinaona mawingu na mvuke wa maji, hakikutengenezwa kuona hewa ukaa, kwa hiyo tusiende kumwambia mtu kwamba tumeipima hewa ukaa kwa bastola ya fundi friji. Tumepima jambo moja tu, kwamba anga inarudisha joto chini. Kwamba hewa ukaa nayo inafanya kazi hiyo, hilo tunawashukuru waliolipima kabla yetu. Akawataja. Eunice Foote, mwanamke wa Kimarekani, mwaka 1856 alijaza gesi mbalimbali kwenye mirija mikubwa ya kioo, akaiweka juani, akaona ule wa hewa ukaa unapata joto kuliko mingine na unachelewa kupoa. Makala yake ilisomwa mkutanoni na mwanamume. John Tyndall, huko London mwaka 1859, akatenganisha joto lisiloonekana na mwanga wa jua na kupima ni gesi gani zinalishika. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ni karibu hewa yote, zinaliachia lipite. Mvuke wa maji na hewa ukaa zinalishika. Kisha Svante Arrhenius wa Sweden, mwaka 1896, akakaa na kalamu na kupiga hesabu hewa ukaa ikizidi joto litapanda kiasi gani. Mwaka 1896 mji wangu ulikuwa mikononi mwa Wajerumani. Nilidhani elimu hii ni ya jana, kumbe ina umri kuliko babu yangu.

Kuna jaribio la chupa mbili, moja yenye siki na magadi, nyingine yenye hewa ya kawaida, zote zikawekwa juani, ambalo limeenea sana kwenye video. Bwana shamba aliyekuwa kati yetu aliomba tulifanye. Mwalimu alikataa. Akasema joto la zile chupa linapanda kwa sababu nyingine nyingi, ikiwemo uzito wa ile gesi na namna inavyotulia ndani ya chupa, na kwamba ukitumia uthibitisho mbovu kuunga mkono jambo la kweli, siku utakapobomolewa uthibitisho wako na jambo lenyewe litaonekana uongo. Sentensi hiyo niliinukuu kwenye daftari kwa wino mwekundu. Kwa kazi yangu mimi, imekuwa dira.

Sasa chokaa. Hapa ndipo darasa hili linapozidi kila kitu nilichowahi kusoma au kutazama.

Nyumba zetu za zamani mwambaoni zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na chokaa ile inatoka tanurini: mawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanageuka kuwa kitu cheupe cha kuvunjika. Mwalimu alileta kopo la chokaa hiyo. Akatuuliza jiwe likichomwa linapungua uzito, uzito unakwenda wapi. Hakuna aliyejua, hata bwana shamba. Unatoka kama hewa ukaa. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikiungua vizuri, kilo 44 zinaondoka hewani, na hapo hujahesabu moshi wa magogo. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma jiwe hilo hilo, ndiyo maana saruji inatajwa kila mara panapozungumzwa hewa ukaa.

Akakoroga chokaa ndani ya maji, akaacha itulie, akachuja kwa kitambaa mpaka maji yakawa angavu kama ya mtungini. Akayagawa kwenye glasi. "Haya mwanangu," akaniambia, "wewe mwenye pumzi ya redio, puliza." Nikapuliza kwa mrija. Pumzi nne, tano, maji yakawa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ule weupe, akasema, ni jiwe. Hewa ukaa ya pumzi yako imekutana na chokaa na kurudi kuwa jiwe lile lile lililotoka baharini. Na ndivyo plasta ya ukuta wa zamani inavyokauka na kuwa ngumu, inavuta hewa ukaa taratibu miaka na miaka.

Wengine walitosheka. Yeye akaniambia niendelee. Nikapuliza mpaka kichwa kikawa chepesi, nikapumzika, nikapuliza tena. Na maji yakaanza kuwa angavu upya. Lile jiwe likayeyuka mbele ya macho yangu. Hewa ukaa ikizidi majini hufanya tindikali hafifu, na tindikali hiyo inakula chokaa. Akatuacha tuitazame ile glasi, halafu akasema bahari yote iko katika jaribio hilo, ila polepole na kidogo kidogo. Karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa inaingia baharini. Kipimo cha tindikali ya bahari, kiitwacho pH, ambacho kikishuka tindikali imezidi, kilikuwa karibu 8.2 kabla ya viwanda, sasa ni karibu 8.1. Bahari haijawa siki, wala haitakuwa, lakini kwa vile katika mizani ya kipimo hicho hatua moja nzima ni mara kumi, ile tofauti ndogo ni tindikali zaidi kwa robo na ushei, na kiumbe anayejenga nyumba yake kwa chokaa, tumbawe au chaza, anaisikia. Mama muuza samaki aliuliza kwa sauti ya chini kama matumbawe ya kwetu yatakwisha. Mwalimu alimjibu kwamba kinachoyaua haraka zaidi kwa sasa ni joto la maji, kama mwaka 1998 na 2016 yalipopauka, na kwamba tindikali ni mzigo wa pili juu ya mgonjwa.

Nilirudi Pangani usiku ule na glasi ile kichwani.

Mama huyo huyo ndiye aliyeuliza swali lililokuwa moyoni mwa wengi: pumzi zetu, na mkaa anaokaangia samaki, ndivyo vimeleta haya? Majibu yalikuwa ya subira. Kaboni ya pumzi yako imetoka kwenye ugali na maharage, ambavyo vimeivuta hewani msimu uliopita, unairudisha ilikotoka. Kuni na mkaa ni hivyo hivyo pale tu mti mwingine unapoota mahali pa uliokatwa. Usipoota, deni linabaki hewani. Lakini makaa ya mawe, petroli na gesi asilia ni kaboni iliyozikwa mamilioni ya miaka, haikuwa kwenye hesabu ya mzunguko huu, na tunaifukua na kuichoma katika miaka mia mbili. Neno lenyewe, hewa ukaa, lina kaa ndani yake, yaani kaa la moto. Akatueleza namna wanasayansi wanavyojua kwamba ongezeko limetoka ardhini: kuna aina ya kaboni iitwayo kaboni 14 inayopungua yenyewe kwa muda, na mafuta ya kale hayana hata chembe yake, basi kadiri yanavyochomwa ndivyo kaboni 14 ya hewani inavyozimuliwa. Akatumia mahindi meupe na machache ya njano kwenye ungo, akawa anaongeza meupe matupu. Mtoto wa darasa la nne angeelewa.

Na kiasi chake? Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 zilikuwa hewa ukaa. Charles Keeling alipoanza kupima juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii mwaka 1958 zilikuwa karibu 315. Sasa zimepita 420. Hewa iliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika inaonyesha miaka 800,000 nyuma, na humo kote haikufika hapa. Kijana wa bodaboda alisema 420 katika milioni ni kitu kidogo mno, sawa na punje nne katika punje 10,000 za mchele. Ni kweli ni kidogo, Mwalimu akakubali, lakini kumbuka zile punje nyingine karibu zote zinaliachia joto lipite kana kwamba hazipo. Unahesabu wanaofanya kazi, huwahesabu waliosimama kando.

Je, pengine ni jua limezidi? Setilaiti zinalipima jua tangu miaka ya 1970 mwishoni na halijaongezeka nguvu. Tena, lingekuwa jua, tabaka la juu la angahewa nalo lingepata joto; kumbe linapoa, huku sisi chini tukipata joto. Hii kwangu ni hoja nzito kuliko zote, na nilishangaa sijawahi kuisikia popote.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya bahari, na ilinihusu kwa namna nisiyotarajia. Kwenye kipindi chetu tumewahi kusema, na mimi ndiye niliyesoma, kwamba kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilizamishwa na mabadiliko ya tabianchi. Wazee wetu wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kasa wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa bara, Ushongo, yasizame. Nilimwambia Mwalimu: hapo hatukukosea. Akaniuliza miti ilikwenda wapi kabla ya kisiwa kwenda. Ilikatwa, au sehemu yake kubwa ilikatwa, nayo ndiyo iliyokuwa ikishika mchanga. Mikondo na mawimbi yakafanya iliyobaki. Waliochunguza kisiwa kile wanataja zaidi ya sababu moja. Bahari imepanda kweli, karibu sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka, ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka mpaka 1971, ikafika 3.7 kati ya 2006 na 2018. Lakini Maziwe ilishatoweka wakati bahari bado inapanda kwa kasi ndogo. Kupanda kwa bahari kunafanya kisiwa kile kisirudi kwa urahisi. Kusema ndiko kulikokiua peke yake ni kuwasamehe waliokata miti.

Nilikasirika kwanza. Halafu nikaona amenipa habari iliyo kubwa zaidi kuliko ile niliyokuwa nayo, maana ina mikono ya watu ndani yake, na mikono inaweza kupanda mivinje mingine.

Siku ile pia alitumbukiza chupa iliyojaa maji, yenye kizibo na mrija mwembamba, ndani ya sufuria ya maji ya moto. Maji yakapanda ndani ya mrija. Hakuna aliyeongeza hata tone. Zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi duniani limeingia baharini, na maji yenye joto yanavimba. Hiyo ni sehemu kubwa ya kupanda kwa bahari, na iliyobaki inatoka hasa kwenye barafu ya nchi kavu. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake tangu 1912, haiwezi kujaza bahari kwa kiasi cha kuonekana, na hata kuyeyuka kwake kumechangiwa na ukame wa hewa ya kule juu pamoja na joto. Hapo nilianza kuona mtindo wa mwalimu huyu: kila jambo analipa ukubwa wake, halizidishi wala halipunguzi.

Sasa kasoro, maana zipo na ninazisema kwa upendo. Jumamosi ya nne, ya mambo yajayo, ilikimbizwa. Mambo ambayo watu walikuja kuyataka, mvua za vuli na masika zitakuwaje, tupande nini, yalipewa saa moja, na nusu ya saa hiyo ikaliwa na grafu ya makadirio ambayo fotokopi ilikuwa imeifuta mistari. Tulibaki tukitazama kivuli. Nilichokipata ni kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo mvua inaponyesha huweza kunyesha kwa nguvu zaidi hata kama siku za mvua hazikuongezeka. Hilo ni muhimu sana kwa mkulima, na lilistahili jaribio lake kama chokaa ilivyopata. Bwana shamba alikuwa na maswali mengi na aliondoka nayo.

Daftari nalo lina maneno matatu kwa kitu kimoja: ukurasa mmoja hewa ukaa, mwingine kaboni dayoksaidi, mwingine kabonidioksidi. Sisi wa redio tunateseka hapo. Nimejitolea kulipanga upya bila malipo, na Mwalimu amekubali. Saa nane mchana chini ya bati ni saa ngumu, na mama wenye watoto wadogo hawawezi kukaa mpaka usiku. Wawili waliacha baada ya Jumamosi ya pili. Ada ya 30,000 si ndogo kwa muuza samaki. Yule mama aliilipa kwa mafungu, na Mwalimu hakumwuliza.

Ni darasa la nani, basi? Mwenye shahada ya sayansi atachoka. Anayetafuta cheti asiende, hakuna cheti. Linamfaa mwalimu wa msingi, imamu au katekista anayeulizwa maswali haya na waumini wake, karani wa kijiji, mwandishi wa habari, na mzazi ambaye mtoto wake amerudi na kitabu chenye neno gesijoto, yaani gesi zinazoshika joto. Hesabu inayohitajika ni ya kujumlisha na kugawanya. Nyota nne kati ya tano, na ile moja ni ya Jumamosi ya nne.

Wiki iliyofuata niliomba dakika tano kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Nilisema hewani kwamba nilichowaeleza juu ya ozoni hakikuwa sahihi. Nikaeleza kwamba ozoni ni kinga dhidi ya miale inayounguza ngozi na macho, kwamba tundu lake liko upande wa Antaktika, kwamba lilitokana na gesi zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupuliza, na nchi zilikubaliana huko Montreal mwaka 1987 kuziacha, na ozoni inapona. Zile gesi zenyewe nazo zinashika joto, kwa hiyo yule fundi alikuwa sahihi kwamba ni mambo mawili, ingawa kamba kati yao ipo, nyembamba. Kisha nikaeleza joto lisiloonekana, ukuta wa jioni na wingu la usiku. Juu ya Maziwe nilirekebisha siku ya pili yake, nikamwalika mzee mmoja mvuvi asimulie mivinje ilivyokuwa.

Simu ya kwanza ilitoka Mwera. Mama mmoja alitaka kujua hiyo chokaa ya kupuliza atapata wapi, wajukuu wake waione.

Darasa lijalo linaanza Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Mabenchi yanatosha watu wanane. Mimi nimeshalipia Jumamosi ya nne peke yake, Mwalimu ameahidi kuirudia yote kwa ajili ya bwana shamba na mimi, na safari hii grafu ataichora mwenyewe ubaoni kwa chokaa.